Fungua Daftari la Mahudhurio

Ndugu mwalimu, lifungue daftari la mahudhurio. Usingoje mthibiti ubora apige hodi. Lifungue leo, ukiwa peke yako, usome jina moja moja kama unavyosoma barua ya mwanao aliye mbali.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa. Nilikuwa na darasa la nne lenye watoto 61. Kila Ijumaa nilijumlisha, nikagawanya, nikaandika wastani wa mahudhurio: asilimia 91, asilimia 92. Nilisifiwa, nikaridhika. Ndani ya wastani ule alikuwemo mvulana ambaye kila Jumatano, siku ya gulio, hakuja. Alama ya utoro ilikaa kwenye safu ileile, wiki baada ya wiki, na kila moja niliiandika kwa mkono wangu. Nilikuwa naandika bila kusoma. Mwezi wa nane akapotea kabisa. Nilipofika kwao nilimkuta bibi yake, muuza dagaa ambaye macho yalikuwa yamefifia, na mtoto ndiye aliyekuwa akimhesabia chenji gulioni. Kamati ya shule ingeweza kulimaliza jambo lile kwa kikao cha jioni moja. Nilikuwa na ushahidi wa miezi mkononi, nikaupeleka wilayani ukiwa umesagwa kuwa asilimia.

Wastani humficha mtoto! Shika hilo, mwalimu mwenzangu, ulishike kwa mikono miwili.

Tunakusanya, jamani, tunakusanya. Mahudhurio, majaribio ya wiki, mitihani ya nusu muhula, upimaji wa darasa la nne. Fomu zinapanda kutoka shuleni kwenda kata, kutoka kata kwenda wilayani, zinapanda mkoani. Nauliza: kimeshuka nini? Namba iliyopanda na isirudi darasani imemsaidia mtoto gani?

Chukua alama za hisabati. Unasema darasa lako ni dhaifu. Dhaifu wapi? Rudi kwenye karatasi zenyewe, uhesabu swali kwa swali. Utakuta pengine watoto 40 wamekosa 305 toa 128, na wamekosea mahali pamoja: wamefika kwenye sifuri ya katikati na hawajui waazime wapi. Hao wamekosa somo moja tu. Dawa yake ni vijiti, vilivyofungwa mafungu ya kumi na ya mia, na siku chache za subira. Nasi tunashika kiboko kwa sababu ya jumla ya alama! Tunampiga mtoto kwa namba ambayo sisi wenyewe hatujaisoma. Dhambi hiyo ikome.

Mnakumbuka mwaka 2010, watu wa kujitolea wa Uwezo, mpango wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, walipopita nyumba kwa nyumba hapa Tanzania? Mkononi walikuwa na karatasi nyepesi: silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kipimo kilikuwa chepesi hata mzazi asiyesoma aliweza kusimama mlangoni akaona mwanawe amekwama wapi. Na uzito wa karatasi ile ulikuwa hapo. Katika watoto wa darasa la tatu, takribani watatu tu kati ya kumi ndio waliomudu hadithi ile kwa Kiswahili, lugha ya taifa lao. Kisha Februari 2013 yakatoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata sifuri. Serikali iliyafuta, ikayapanga upya. Lakini sifuri ya kidato cha nne haizaliwi kwenye chumba cha mtihani. Mizizi yake mara nyingi iko kwenye silabi ambayo hakuna aliyeisikiliza. Ilipofika 2015, masomo ya darasa la kwanza na la pili yalielekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Taifa zima liligeuza ratiba yake. Wewe unashindwaje kugeuza kipindi chako cha Jumatatu?

Kaa na mtoto mmoja mmoja, dakika tano. Asome mbele yako. Walio kwenye silabi wakae pamoja, walio kwenye aya wakae pamoja, hata kama mmoja ni wa darasa la tatu na mwingine wa tano. Shirika la Pratham la India limeonyesha njia hii kwa miaka mingi. Baada ya wiki kadhaa pima tena, umhamishe aliyepanda, maana kundi ni ngazi, na ngazi hailaliwi.

Mwalimu mkuu, nawe sikia. Tenga mahudhurio ya wasichana wa darasa la sita na la saba, uyatazame mwezi kwa mwezi. Ukiona siku tatu au nne za utoro zinarudi kila mwezi, umeshaambiwa: huenda hedhi ndiyo inayowabakiza nyumbani. Fedha ya ruzuku ikiingia, kabla hujapaka rangi ukuta unaotazama barabara, peleka maji chooni na uweke mlango unaofungwa kwa ndani.

Lakini taarifa ya mtoto ni amana. Ugonjwa wake, uyatima wake, umaskini wa kwao, havitamkwi kwenye paredi. Jina la wa mwisho halibandikwi ukutani lichekwe na wapita njia. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na mimi nilishukuru, kwani tulikuwa tumegeuza alama kuwa ngoma ya mashindano.

Mzazi, kwenye kikao usiishie kuuliza mwanao amekuwa wa ngapi. Uliza ameshindwa nini, na mwalimu atafanya nini kabla mwezi haujaisha. Usitoke mpaka ujibiwe.

Haya, mwalimu. Chukua kalamu nyekundu. Pita kila mstari, uzungushie duara majina matatu ambayo alama zao za utoro zinajirudia. Alasiri, kengele ya mwisho ikishalia, vaa viatu vya kutembelea uende nyumba ya kwanza. Kama gulio la kwenu ni Jumatano, basi fika Jumanne.