Je, Yatupasa Kulijua Ua kwa Jina Lake?

Wengi wetu twapita katika njia za milimani tukienda kusali au kuzuru wagonjwa, na kando ya njia maua yamechanua. Tukiulizwa, "Ua hili ni la namna gani?" twajibu, "Ni majani tu." Je, kutojua huko kuna ubaya wo wote?

Tulitazame ua moja la milima ya Usambara. Lamea penye miamba, mahali pa kivuli na unyevu. Majani yake yana manyoya laini. Ua lenyewe ni la zambarau, lina petali tano, na katikati yake chembe mbili za manjano. Karibu na mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, Mdachi aliyetumikia serikali huko Tanga, alilipeleka kwao Ujerumani. Na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Leo lapandwa vyunguni katika nchi nyingi, lakini huku kwao, misitu ikatwapo, makao yake yapungua.

Mtu atasema, "Kujua jina hakuleti wokovu." Ni kweli. Tena jina si hati ya kumiliki: ua hili lilichanua kabla Baron hajazaliwa, na mwenyewe ni Mungu. Lakini tuangalie moyo wa mwanadamu. Mgeni aliyekwisha kutuambia jina lake hatuwezi kumpita kama gogo. Vivyo hivyo, afyekaye asipolijua ua hukata majani tu. Alijuaye husita, panga li mkononi.

Maandiko yatuambia kwamba Adamu aliwapa wanyama majina. Habari za maua hayakutaja. Twaona kana kwamba kazi hiyo tumeachiwa sisi. Naye Bwana wetu aliwaagiza wanafunzi wayafikiri maua ya kondeni, wala hawezi kufikiri apitaye mbio.

Basi tusimame kidogo njiani. Tuhesabu petali, tutazame jani, tuangalie mahali ua lilipoota. Tuwaulize wazee, maana wanayo majina ya mimea mingi, nayo yasife pamoja nao. Kisha tuliache ua katika shina lake. Kwa maana ajuaye majina yote, naye akang'oa ili asifiwe, hatia yake ni kubwa kuliko ya asiyejua. Kujua ni mwanzo wa kutunza. Tena tutaulizwa habari za yale tuliyoyajua.