Wati Elfu Tatu na Kipimo cha Haki

Boksi la spika za kompyuta za bei nafuu, liwe limepangwa kwenye duka la Kariakoo jijini Dar es Salaam au la Luthuli Avenue jijini Nairobi, mara nyingi hubeba namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la spika zenyewe: wati 1000, wati 3000, na pembeni yake herufi nne, PMPO. Ndani mna spika mbili zinazoenea kiganjani na waya mmoja wa USB unaozipa umeme.

Hapo hesabu inakataa. Tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5, na spika hizo hazina chanzo kingine cha umeme. Kinachotoka hakiwezi kuzidi kinachoingia, labda kwa kipande cha sekunde kifupi mno kuweza kumfaa msikilizaji. PMPO, kipimo kinachodai kueleza kilele cha nguvu, haina kanuni inayokubalika kimataifa. Kila kiwanda hujipimia kinavyopenda. Namba ya kuulizia ni RMS, ambayo hueleza nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo.

Je, namba ile ya boksini ni uongo? Muuzaji akibanwa ana jibu lenye uzito: wateja wote wanajua kuwa wati hizo ni mapambo, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliligusa jambo la namna hii alipoandika juu ya uongo karibu mwaka 395. Kwake uongo hukaa katika nia: mtu anajua hili, anatamka lile, akikusudia kumpotosha mwenzake. Mzaha aliuweka kando, kwa sababu sauti na hali ya msemaji humwonyesha msikilizaji kuwa anataniwa.

Lakini mzaha hauna bei. Namba ya PMPO imewekwa pale ili ifanye kazi, na kazi hiyo inafanyika kwa yule tu anayeiamini. Fundi wa redio haimsumbui. Inampata mwanafunzi aliyejichanga akanunue spika za kusikilizia masomo, au mzazi asiyewahi kulisikia neno RMS. Wakiwekewa maboksi mawili mbele yao, moja la wati 2 na jingine la wati 3000, watalikwepa lile linalosema kweli. Hadaa hii inamnyang'anya mnunuzi, kisha inamwadhibu mtengenezaji mwaminifu.

Cicero, katika kitabu chake cha wajibu cha mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia mabishano ya wanafalsafa wawili wa Kistoa. Mfanyabiashara anafikisha nafaka Rhodes wakati wa njaa, huku akijua kuwa meli nyingine zenye shehena ziko njiani. Awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Diogenes wa Babeli alimruhusu kunyamaza, mradi asivunje sheria. Antipater alikataa, na Cicero akawa upande wake. Tofauti na wati za boksini ni kubwa: hao walibishania ukimya. Hata Diogenes, mpole kuliko mwenzake, hakumpa muuzaji ruhusa ya kusema lisilokuwepo.

Uislamu unalileta jambo hili karibu zaidi na meza ya muuzaji. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakutana na unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiiweke sehemu iliyolowa juu, watu waione. Sura ya 83 ya Kurani inaitwa kwa jina la wenye kupunja vipimo, na katika Biblia nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli kwa kosa lilo hilo.

Kinachosikitisha ni kwamba uongo huu hauhitajiki kabisa. Spika nyingi za nyumbani hutoa takriban desibeli 85 kwa wati 1 tu, msikilizaji akiwa umbali wa mita 1, na kiwango hicho tayari ni cha kelele kwa mtu atakayekaa nacho kutwa nzima. Aliyeketi mezani yuko karibu zaidi ya hapo. Logitech Z120, zinazotumia USB, zimetangazwa kuwa na wati 1.2 za RMS. Hazitatikisa ukumbi wa harusi, ila kwa sauti ya mwalimu, habari au kaswida chumbani zinatosha.

Marekani iliweka mwaka 1974 kanuni ya jinsi ya kutangaza nguvu za vikuza sauti vya nyumbani, baada ya matangazo kupita kiasi. Tanzania ina Wakala wa Vipimo, unaokagua mizani na pampu za mafuta na kupambana na lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi, ili mkulima asipunjwe. Wati nayo ni kipimo kama kilo, na inastahili mkaguzi. Kabla hajapatikana, mnunuzi aulize RMS, asome volti na ampea za umeme unaoingia, kisha adai spika ziwashwe palepale, kwanza kwa sauti ya mtu anayezungumza. Muuzaji anayekataa kuziwasha ameshajibu.