Sitara na Mlango Mtupu

Katika maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu tukayafanya yetu, ni machache yaliyotukaa moyoni kama sitara. Tunamsitiri maiti kwa sanda. Tunamsitiri mgeni aliyechakaa kwa kumpa kikoi kabla hajaulizwa atokako. Na mtu aijuaye aibu ya jirani yake akainyamazia tunamwita muungwana. Mshairi naye ana sitara yake, nayo ni fumbo. Lakini wahenga hao hao waliotufunza kusitiri wametuachia pia kauli kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Basi ni lini kuficha huwa uungwana, na ni lini huwa maangamizi? Suala hili ni la kale, nami nisingethubutu kulirudia lau nisingelikuta mahali nisipopatarajia, yaani ndani ya seli moja ya damu.

Nililikuta kwa njia ya kazi. Nilipewa kijitabu cha afya, kinachohusu virusi vya ukimwi, nikitie katika Kiswahili. Mimi si tabibu, na elimu yangu yote nimejisomea mwenyewe kwa taa ya chemli. Ila kutafsiri humlazimisha mtu kuelewa, au angalau kuona aibu pale asipoelewa. Nilikwama siku kadhaa kwenye jambo moja. Askari wa mwili hawawezi kuingia ndani ya seli. Hupita nje tu, mfano wa mgambo katika vichochoro vya usiku. Sisi husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani; askari hawa hawana idhini hiyo. Kwa sababu hiyo kila seli imepewa sharti: huzikatakata baadhi ya protini zinazotengenezwa ndani yake, huchukua vipande vidogo mno, na kuvitoa nje juu ya visahani vilivyopachikwa kwenye ganda lake. Seli yenye afya hutoa vipande vyake yenyewe. Seli iliyovamiwa hutoa, pamoja na hivyo, vipande vya mvamizi. Askari akiona kipande kigeni huiua seli ile, na mvamizi aliyemo hukosa karakana ya kujizalisha. Msingi wa elimu hii uliwekwa na Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, waliofanya uchunguzi wao kwa panya mjini Canberra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakatunukiwa Nobel mwaka 1996.

Tendo hilo la seli niliite nini? Nilijaribu "kutangaza", nikaliacha, maana seli haipigi mbiu. Nikajaribu "kuungama", nalo likanichukiza, kwa kuwa seli haijatenda kosa lolote. Mwishowe nikaandika "kuanika". Tunaanika karafuu, tunaanika dagaa, tunaanika nguo. Na ulimi huo huo husema fulani kaanikwa, siri yake ikawa juani. Neno moja limebeba heri na fedheha, nami nilitaka libebe yote mawili.

Msomaji atadhani kuwa virusi vya ukimwi, vikishaingia, hujificha. Sivyo hasa. Vinachofanya ni kuizuia seli isianike. Ndani yavyo mna protini ndogo iitwayo Nef, ambayo hukamata visahani vile kabla havijafika nje, na vingine huvivua palipo mlangoni, ikavipeleka kule seli inakoyeyushia taka zake. Seli bado ina la kusema, ila imenyang'anywa pa kulisemea. Nayo si seli yoyote tu: mwenyeji wa virusi hivi ni mmoja wa viongozi wa jeshi la kinga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwili nao si mjinga. Uko mlinzi wa namna ya pili, ambaye hatafuti kipande kigeni. Yeye hutazama kama mlango una kitu au ni mtupu. Akikuta mlango mtupu, huua. Mwaka 1986 Klas Kärre na wenzake wa Uswidi walionyesha jambo hilo kwa panya, kwamba kutokuwapo kwa alama ya nafsi ni ushahidi tosha wa kutia shaka. Na hapa ndipo ujanja wa Nef unapotisha: haivui vyote. Huviondoa visahani vya aina mbili, viitwavyo A na B, ambavyo ndivyo vinavyosomwa zaidi na askari wa kwanza, ikaviacha vya aina ya C na E, ambavyo ndivyo humtuliza mlinzi wa pili. Kwa hiyo seli iliyotekwa haiko kimya. Inaitikia salamu, mlango umepambwa, ila lile la maana limezibwa.

Naona hapo ndipo penye tofauti tuliyokuwa tukiitafuta. Sitara ni tendo la mwenye siri, au la ampendaye. Anayezibwa kinywa na mgeni aliyemwingilia hasitiri chochote, anasitiriwa mgeni.

Lingekuwa jambo jepesi lau lingeishia hapo. Ila mwaka 1997 watafiti walithibitisha kuwa hata kwa watu wanaotumia dawa barabara, virusi hubaki ndani ya seli chache zilizotulia, takriban moja kwa kila milioni. Humo vimejiandika katika maandiko ya uhai ya seli yenyewe na kusinzia. Havitengenezi kitu, hivyo seli haina cha kuanika. Haikuzibwa kinywa wala haisemi uongo. Dawa zikiachwa, kwa kawaida baada ya majuma machache vinaamka.

Sasa nirudi kwa wanadamu. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kiswahili kikaingia kazini kusitiri: kule Kagera maradhi yaliitwa Juliana, kwa jina la nguo, kisha huku kwetu tukasikia fulani ana ngoma, fulani kakanyaga miwaya. Dawa za bure zilianza kutolewa mwaka 2004, na sitara ikahamia kwenye kopo. Hapa Lugoba, ambapo malori ya kokoto na mabasi ya Segera hayalali, wapo wanaopanda gari kwenda kuchukua dawa mji mwingine, na wapo wanaotia pamba koponi vidonge visilie njiani.

Mwanamke mmoja, ambaye sitamtaja hata kwa herufi, alinijia kwa kuwa alisikia natafsiri mambo hayo. Ni mjane, ametumia dawa miaka mingi, na ameposwa. "Mjomba," aliniambia, "daktari kasema virusi havionekani kwenye damu yangu. Ikiwa hata mashine haivioni, kwa nini mimi nivionyeshe?"

Hoja hiyo haikuwa ya mtoto. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia jozi 888 ambamo mmoja alikuwa akitibiwa na virusi vyake vimeshuka mno, haukupata hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenzi huyo. Asingemdhuru mtu. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008, kwa upande wake, inamtaka aliyekutwa na virusi amweleze mwenzi wake, na papo hapo inalinda siri ya majibu. Lakini hakuja kwangu kuuliza sheria.

Nilimwambia kwamba kwa majirani hadaiwi kitu. Kijiji kinachofanya kama yule mlinzi wa pili, kikamshuku kila mwenye mlango mtupu, ni kijiji dhalimu. Mwili unaweza kuua seli elfu kwa shaka tu, kwa kuwa una nyingine. Sisi hatuna mtu wa akiba. Lakini kwa mwanamume huyu ni mbali. Si kwa hofu ya kuambukiza, maana haipo; ni kwa kuwa kidonge humezwa kila siku ya Mungu, na nyumba ambayo mke humeza dawa yake chooni kwa kuvizia, tayari ina mgeni anayepanga kipi kitoke mlangoni na kipi kisitoke. Siku atakayokosa pa kuimezea, vilivyolala vitaamka. Nilijua pia kwamba wako wanawake waliosema wakafukuzwa usiku ule ule, nami sikumficha hilo.

Alinyamaza kitambo, akikunja ncha ya kanga. Kisha akauliza, "Na yeye je, Mjomba? Yeye ataanika nini?"

Nikamwambia kipimo ni kimoja kwa mke na mume, na kituo cha afya hakiko mbali. Akasema atamwambia twende wote, halafu akitoka huko ndipo atajua la kusema.