Ngoma Ikivuma Sana Hupasuka: Mpaka wa Kujituma katika Mazoezi

Methali isemayo ngoma ikivuma sana hupasuka hutajwa zaidi pale jambo linapokuwa limeshamiri: mtu aliyelewa sifa, ugomvi unaopanda kila siku, biashara iliyokua upesi kuliko mwenyewe. Wengi huipokea kama onyo la jumla dhidi ya kupita kiasi, wakaiacha hapo. Ukiitazama kwa makini, ina hoja nzito zaidi ya hiyo. Inayopasuka ni ngoma inayovuma, ile iliyokusanya watu na kusifiwa mtaa mzima. Ngoma iliyolegea haipasuki, lakini pia haichezeki. Ngozi lazima iwambwe, ikazwe, ipashwe moto au ianikwe juani ndipo itoe mlio, na mkazo uleule unaoipa sauti ndio utakaoichana ukizidi. Waliotunga methali hii waliiona hatari ikikaa ndani ya ubora wenyewe, mahali ambapo sifa za wasikilizaji huizuia isionekane. Kwa sababu hiyo sioni methali inayofaa zaidi kulipima swali linalowakabili watu wengi wanaopenda mazoezi: kujituma kwenye afya kunaishia wapi, na kuzidisha kunaanzia wapi?

Kwanza ajibiwe anayehofia kwamba methali hii itakuwa kichaka cha wavivu. Hofu yake ina msingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani watu wapatao bilioni 1.8, hawakufikia kiwango cha chini cha kuushughulisha mwili. Kiwango hicho si kikubwa: dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, kama kutembea kwa kasi, au dakika 75 za mazoezi mazito. Kwa watu hao ngoma haijawambwa, na kuwatisha kwa habari za kupasuka ni kuwadhulumu. Ninayemzungumzia hapa ni yule ambaye tayari anakimbia alfajiri au ananyanyua vyuma jioni, na ambaye kila akipongezwa huongeza. Huyo hasaidiwi na hesabu ya dakika peke yake, kwa kuwa wawili wanaweza kukimbia kilometa 100 kila mmoja kwa wiki, mmoja akazidi kunawiri na mwenzake akawa anaumia. Mpaka tunaoutafuta hauonekani kwenye saa ya mkononi.

Unaonekana katika namna mwili unavyojijenga. Zoezi zito, kwa kweli, ni madhara madogo yanayofanywa kwa makusudi: nyuzi za misuli huchanika kidogo, akiba ya wanga hupungua, mfumo wa neva huchoka. Nguvu haiji wakati wa kuteseka. Huja baadaye, wakati wa kula na kulala, mwili unapokarabati ulichoharibu na kuongeza kidogo juu yake. Mwanasayansi Hans Selye alieleza mwaka 1936 jinsi mwili unavyoukabili msukosuko: hushtuka, kisha hustahimili, na msukosuko usipokoma huishiwa. Mwaka 2013 vyama vya sayansi ya michezo vya Ulaya na Marekani vilitoa tamko la pamoja lililoutofautisha uchovu wa kawaida wa mwanamichezo, unaokwisha kwa siku au wiki chache na kumwacha imara zaidi, na ule unaodumu kwa miezi huku uwezo wake ukiporomoka. Hapo mwili wa binadamu unaiacha ngoma nyuma. Ngozi ya ngoma imekufa na haijishoni; ya kwetu ni hai, na ikipewa muda hurudi ikiwa ngumu kuliko awali. Kwa hiyo mapumziko ni sehemu ya zoezi. Anayeyaruka amefanya nusu ya kazi, ile nusu inayobomoa.

Ushahidi wa hili upo Kaptagat, nchini Kenya, kwenye kambi ya Eliud Kipchoge na kocha wake Patrick Sang. Kipchoge alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Mwaka 2022, miaka 19 baadaye, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin kwa saa 2:01:09. Alipoulizwa kuhusu mazoezi yake, alieleza kwamba hajaribu kukimbia kwa asilimia mia: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi hutumia kama asilimia 80 ya uwezo wake, na siku nyingine kama 50. Hakuna awezaye kumwita mtu huyu mvivu. Anaamka kabla ya jua kila siku, mwaka hadi mwaka, na kujizuia kwake ni sehemu ya nidhamu hiyohiyo. Kwa mtazamo wangu, kupunguza mwendo siku ambayo miguu inataka kuruka ni kugumu kuliko kuongeza kasi mbele ya watu.

Hapa Mtanzania ana haki ya kusimama na kulitaja jina la John Stephen Akhwari. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka, goti likaumia vibaya, na bado akaimaliza marathoni zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, akichechemea na mguu umefungwa bendeji. Kama methali ni kweli, je, Akhwari alikosea? Hakukosea. Lakini tunachokiheshimu kwake ni siku moja, siku ya shindano, alipolipa gharama kwa ajili ya jambo lenye mwisho unaojulikana. Baada ya siku hiyo mwili ulipona, na mwaka 1970 alimaliza wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Anayeigeuza siku ile ya Mexico kuwa ratiba ya kila wiki, akikimbilia jeraha bila shindano, bila bendera na bila tarehe ya kupumzika, hajamfuata Akhwari.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wale waliofanya makubwa kwa kubeba mzigo mkubwa kuliko wenzao. Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35 mwezi Oktoba 2023, rekodi ya dunia, akiwa na umri wa miaka 23. Kocha wake, Gervais Hakizimana, alieleza hadharani kwamba kijana huyo alikuwa akikimbia kilometa 250 hadi 280 kwa wiki, nyakati nyingine zaidi ya 300, na kwamba alikuwa amemwonya kuwa kwa mwendo huo angekuwa amekwisha baada ya miaka mitano. Ajali ya barabarani iliwaua wote wawili Februari 2024, na hakuna mwenye haki ya kusema mwili wa Kiptum ungeishia wapi. Ninachokipata humo ni kocha aliyeingiwa na hofu wakati ngoma inavuma kuliko zote duniani, akaisema hofu hiyo huku wengine wakishangilia. Wengi wetu hatuna mtu wa namna hiyo, na ndiyo maana hatuna budi kujiuliza wenyewe.

Swali la kujiuliza ni hili: nikiambiwa nipumzike siku tatu, nini hutokea ndani yangu? Anayejituma huudhika kidogo, kisha hupumzika na kurudi akiwa mwepesi. Aliyezidisha hupatwa na hatia na wasiwasi, huficha maumivu asije akakatazwa, hukacha msiba wa jirani ili asikose mazoezi, hula kana kwamba kila tonge lina deni. Mwili nao hushuhudia: mapigo ya moyo ya asubuhi yanapanda kuliko kawaida, usingizi unakatika ingawa mtu amechoka, mafua hayamwishi, na kasi inashuka kadiri anavyoongeza juhudi. Atajitetea kwamba anayapenda mazoezi, na ni kweli huenda aliyapenda mwanzoni. Lakini kupenda kunaacha nafasi ya kukataa. Jambo usiloweza kuliacha hata linapokuumiza limekwisha kuwa bwana wako, hata kama majirani wanaliita nidhamu.

Makocha na wazazi wa wasichana wanaokimbia wana jukumu zaidi hapa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imekuwa ikionya tangu mwaka 2014 kuhusu wanamichezo, wa kike na wa kiume, wanaotumia nguvu nyingi kuliko chakula wanachokula: homoni huvurugika, mifupa hudhoofika na kupata nyufa. Kwa msichana, dalili ya mapema ni kukatika kwa hedhi, na kuna wanaoambiwa kwamba hiyo ni alama ya kufanya mazoezi vizuri. Si kweli. Muulizeni kwa upole, bila aibu. Na ikiwa hedhi imekatika kwa miezi mitatu, punguzeni mazoezi, mwongezeeni chakula na mpelekeni kwa daktari wiki hiyohiyo, kabla ya shindano lijalo.