Mchanga wa Budelli

Kaskazini ya Sardinia, katika bahari ya Mediterania, kimo kisiwa kidogo cha majabali na vichaka kiitwacho Budelli. Upande wake mmoja upo ufuo uliojificha, ambao mchanga wake una rangi ya waridi. Rangi hiyo haikutoka ardhini. Katika majani yaotayo chini ya maji huishi kiumbe mdogo mno mwenye gamba jekundu. Afapo, gamba lake husagwa na mawimbi likachanganyika na mchanga mweupe. Ufuo huo, basi, ni mabaki ya vifo visivyo idadi, vilivyokusanywa na bahari kwa subira.

Mwaka 1964 Michelangelo Antonioni aliuonyesha katika filamu yake, Il deserto rosso. Kizuri chajiuza: wageni wakaja kwa vyombo, na wengi wakaondoka na konzi ya mchanga iwe ukumbusho. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walijua pia kwamba haba na haba hukimaliza. Hakuna aliyeuiba ufuo. Kila mmoja alichukua konzi yake tu, kwa kuwa aliupenda. Rangi ikapauka, na katika miaka ya 1990 watu wakakatazwa kuukanyaga.

Je, kupenda ni kukaribia au ni kujizuia? Yuko atakayesema kuwa uzuri usiofikiwa hauna faida, mfano wa shairi lililofungiwa sandukuni. Hoja hii ina uzito, lakini ufuo wa Budelli haukufichwa. Apitaye na chombo huuona kwa mbali. Kilichokatazwa ni mguu na mkono, na macho hayajawahi kupunguza hata chembe moja.

Lililo gumu zaidi ni la mlinzi. Mauro Morandi, aliyekuwa mwalimu huko Modena, alifika Budelli mwaka 1989, chombo chake kimeharibika. Akasikia kwamba mlinzi wa kisiwa yu karibu kustaafu, naye akaishika kazi hiyo. Aliishi pale peke yake kwa miaka 32, akiokota taka na kuwaelekeza wageni. Kisiwa kilipokuwa mali ya hifadhi ya taifa mwaka 2016, mamlaka ilimtaka aondoke. Mwaka 2021 akahama, na mwaka 2025 akafariki.

Wengi waliona amedhulumiwa. Lakini ulinzi, hata uwe mrefu vipi, haugeuki kuwa umiliki. Ungegeuka, kila mlinzi angekuwa na konzi yake, kubwa kuliko za wote. Alichostahili Morandi ni shukrani na heshima katika kuagwa, na hilo ni deni la walio hai. Mchanga wenyewe haukuwa na deni kwake, kama usivyokuwa na deni kwa yeyote aliyewahi kuupenda.