Je, Maumivu ni Adhabu?

Wacha leo nianze na kosa langu mwenyewe.

Kijana mmoja, mtoto wa mama tunayeshiriki naye, aliungua kifua na mikono stovu ya mafuta taa ilipolipuka. Alikuwa anatumia unga, na mtaa wote ulijua. Nilipomtembelea wodini nilimkuta anatetemeka, jasho linamtoka, analia aongezewe dawa ya maumivu. Mama yake akaninong'oneza, "Pasta, waambie wasimpe hiyo mofini. Watamrudisha kwa unga." Nikaona ni hekima. Tena, tuseme ukweli, moyoni nilikuwa na neno lingine: si ni yeye alijiletea? Wacha asikie kidogo, labda atajifunza.

Nikamwambia daktari. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Pasta, mwili uliozoea heroini hausikii mofini kama mwili wako. Huyu anahitaji dawa zaidi, si pungufu. Arosto ikimshika juu ya maumivu haya, atatoroka wodi, na vidonda vitaingia vijidudu." Akaongeza kwamba ngozi iliyoungua ikipona hujikunja. Mgonjwa asiponyoosha vidole kila siku, mkono unaweza kubaki umekunjika. Sasa nani atanyoosha mkono unaouma hivyo bila dawa?

Sikuwa na jibu.

Sisemi uraibu ni jambo dogo. Unachelewesha kupona kweli. Mtu wa unga mara nyingi hali vizuri, na mwili ulioungua unataka chakula kingi, hasa protini, ili ujenge ngozi. Sigara hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyopandikizwa inaweza kukosa kushika. Pombe nyingi hudhoofisha kinga. Hayo ni matokeo, nayo ni mazito tayari. Ni nani alitupa sisi kazi ya kuongeza adhabu juu yake?

Utasema, maumivu humfundisha mtu. Lakini arosto yenyewe ni maumivu, na huyu kijana ameipitia mara nyingi. Kama maumivu yangekuwa tiba ya uraibu, angepona zamani.

Nilisomea biashara, napenda hesabu zikae sawa. Lakini Msamaria wa Luka 10 hakumuuliza majeruhi kwa nini alipita njia hatari peke yake. Alimfunga majeraha, akalipa, halafu akamwachia mwenye nyumba ya wageni hesabu wazi: gharama ikizidi, atalipa akirudi.

Kwa hivyo, ukiwa na mgonjwa kama huyu, usimfiche daktari anachotumia, hata ukiona aibu. Usijifanye daktari wa kupunguza dawa. Tena uliza mapema kuhusu methadoni, ambayo hutolewa kwa uangalizi katika kliniki za serikali kama ile ya Mathari, Nairobi, iliyoanza 2014.

Nilirudi wodini nikamwomba yule kijana msamaha. Hakusema mengi. Alinionyesha mkono wa kulia: vidole viwili vilikuwa vimeanza kunyooka.

Swali la wiki: ni nani unamwacha aumie, ukijiambia kwamba anajifunza?