Gari Linalozima Njiani na Kupona Gereji

Wanangu mnaojifunza kazi ya magari hapa Kisumu, kuanzia Kibuye hadi Kondele na Obunga, leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja tu: gari kuukuu la petroli ambalo cheche yake inakuja na kwenda. Mwenye gari anakueleza kwamba lilizima kwenye mlima wa Kiboswa, akakaa kando ya barabara nusu saa, kisha likawaka lenyewe. Sasa liko mbele yako linanguruma vizuri. Unachomoa plagi, unaiegemeza kwenye injini, stata inapigwa, cheche ya samawati inaruka. Huoni kasoro yoyote, na mwenyewe amesimama nyuma yako anataka kuondoka. Hapo ndipo vijana wengi husema, "Mzee, ni koili," wakamtuma duka la spea.

Nawasihi msiseme hivyo. Huenda ni koili kweli, lakini hujaiona ikikosea. Ukimuuzia mtu spea kwa kubahatisha, umemlipisha dhana yako.

Najua kwa nini mnafanya hivyo, na si uvivu. Mteja wetu amezoea kulipia kitu anachoweza kukishika. Akiona koili mpya inang'aa, atatoa pesa. Ukimwambia umemaliza asubuhi nzima ukitafuta waya uliokatika, halafu ukaulehemu, ataona umemwibia. Kwa hiyo fundi hujifunza kuificha kazi ya akili yake ndani ya bei ya spea, na mwishowe akili yenyewe huacha kufanya kazi. Tabia hii imeuharibu ufundi wetu kuliko uhaba wa vifaa. Mwambieni mteja kabla ya kufungua boneti: kutafuta kuna bei yake, spea zina bei yake, na huenda spea isihitajike kabisa. Wengine wataondoka. Waacheni. Wengi watarudi baada ya kununua koili mbili bila kupona.

Wala msiyadharau magari haya. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita umri wa miaka 8, na mengi yanayoshushwa Mombasa siku hizi yana kompyuta, kila plagi na koili yake. Yenye distributa ni yale yaliyokwishakuwako nchini: Peugeot 504 zilizounganishwa huko huko Mombasa, Datsun 1200, Corolla za zamani. Peugeot 504 ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson. Leo pikapu za aina hiyo zinabeba mbuta na barafu kutoka Usenge kupitia Bondo na Kisian. Gari likizima saa sita mchana, barafu inayeyuka, na hasara inamwangukia mama mchuuzi aliyekwishawalipa wavuvi ufukweni. Mkumbukeni huyo mnapotaka kubahatisha.

Sasa tuje kwenye umeme. Volti 12 za betri zinapita kwenye swichi ya ufunguo, zinaingia koili, zinatoka na kurudi bodini kupitia pointi zilizo ndani ya distributa. Pointi zinapoachana, mkondo unakatwa ghafla, na koili inasukuma kwenye waya wake mnene maelfu ya volti, 15,000 na zaidi mzigo ukidai. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inataka cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kila sekunde. Waya ukiachia kwa muda wa kupepesa jicho, cheche kadhaa zimekwisha kupotea na dereva amesikia injini ikimisi.

Anza kwa mdomo kabla ya spana. Muulize dereva: lilizima ghafla au lilififia? Likizima ghafla, sawa na mtu aliyegeuza ufunguo, fuata umeme. Likisitasita na kuishiwa nguvu polepole kabla ya kufa, angalia petroli kwanza: pampu, chujio, kabureta. Muulize kama lilikuwa na moto au limeamka tu. Muulize kama kulikuwa na mvua, au kama lilikuwa limetoka kuoshwa. Muulize pia nani alilifungua kabla yako na alibadilisha nini. Watu huona haya kusema walipita kwa fundi mwingine, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Akikujibu kwamba lilizima likipanda mlima, huo ni ushahidi mzito. Dereva akikanyaga mafuta akipanda, hewa na petroli vinabanwa zaidi ndani ya silinda, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi ili iruke pengo la plagi. Koili iliyochoka, au waya wa plagi uliopasuka, unaweza kuvumilia tambarare yote ya Kano kutoka Ahero, kisha ukashindwa gari linapoanza kuupanda ukingo wa Nyang'ori. Ndiyo maana cheche uliyoiona gereji haikuambii mengi. Plagi iliyochomolewa haina mgandamizo wa kushindana nao.

Maji nayo yana dalili zake. Hapa ziwani asubuhi huwa na unyevu mwingi, na vijana wanaoosha magari ufukweni hupiga maji hadi ndani ya boneti. Gari likimisi baada ya hapo, fungua kifuniko cha distributa, ukipanguse, ukigeuze kwenye mwanga. Tafuta mstari mwembamba mweusi, mwembamba kama unywele, unaotoka kituo kimoja hadi kingine: hapo umeme umejichongea njia ya mkato, na kukausha hakutasaidia, badilisha kifuniko. Usiku ni mwalimu mzuri zaidi. Washa injini gizani, nyunyizia waya za plagi ukungu wa maji, simama mbali kidogo utazame. Panapovuja pataonekana pakimetameta. Usiguse kwa mkono, na hakikisha hakuna petroli inayodondoka.

Kifaa ninachotaka kila mmoja wenu awe nacho si mita ya bei kubwa. Ni taa ndogo ya volti 12 yenye waya mbili ndefu. Funga waya mmoja kwenye mguu wa koili unaopokea umeme kutoka kwenye ufunguo, wa pili bodini, kisha pitisha taa dirishani uiweke mbele ya dereva. Panda gari pamoja na mwenyewe mwende mlima ule ule linakozimia. Injini ikikata na taa ikazima pamoja nayo, kosa liko kabla ya koili: vichwa vya betri, waya, au swichi ya ufunguo iliyolika. Tazama pia rundo la funguo za nyumba linaloning'inia kwenye swichi hiyo, likiitikisa kwa miaka. Injini ikikata huku taa ikiwaka imara, basi umeme umefika koili, na kosa liko mbele zaidi.

Likiwa bado limekufa pale pale, hamisha taa kwenye mguu wa pili wa koili, ule unaokwenda distributa, na mwenzako apige stata. Taa inapaswa kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Ikiwaka tu bila kuzima, pointi hazifungi au waya wake umekatika. Ikikaa giza ilhali mguu wa kwanza una umeme, pointi hazifunguki, au kondensa imekufa, au waya umegusa bodi, au koili yenyewe imekatika ndani. Lakini usiendeshe gari taa ikiwa imefungwa upande huo, kwa sababu inakula nguvu ya koili na utazua ugonjwa mpya.

Kosa ambalo nimeona likiwasumbua mafundi kuliko mengine limo ndani ya distributa yenyewe. Bamba linaloshikilia pointi husogea kila dereva anapokanyaga na kuachia mafuta, likivutwa na kile kikopo cha upepo kilicho ubavuni, chenye mpira mwembamba unaotoka kabureta. Waya mfupi wa pointi unakunjwa na kukunjuliwa pamoja nalo, mwaka hadi mwaka, mpaka nyuzi za shaba zinakatika ndani ya ganda huku ganda likiwa zima. Ukiutazama, ni mzima. Ukiupima gari limesimama, mita inakubali. Basi fanya hivi: funga mita kwenye waya huo pointi zikiwa zimefungana, chomoa ule mpira upande wa kabureta, uufyonze kwa mdomo ili bamba lisogee. Mshale ukiruka, umempata. Toyota za baadaye zisizo na pointi zina waya mbili nyembamba mahali pale pale, na hukatika vivyo hivyo.

Likizima kwa joto na kupona likipoa, shuku koili na kondensa. Zima ufunguo, funika koili peke yake kwa kitambaa chenye maji baridi, usilowanishe distributa, halafu jaribu kuliwasha mara moja, sehemu nyingine za injini zikiwa bado na moto. Likiwaka, koili imejishtaki. Pointi zilizoungua na cheche dhaifu ya manjano zinaelekeza kwa kondensa. Ukibadilisha pointi, pima upana, karibu milimita 0.4 kwa magari mengi ya aina hii, na utikise mhimili wa distributa kwa vidole. Ukicheza, upana uliopima hautadumu. Tena, acheni kusugua pointi kwa msasa na kuziacha na vumbi lake. Tumieni tupa laini, kisha mzipanguse.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukifunga plagi, waya, koili na kondensa siku moja na gari likapona, hujui ulichotengeneza, na likirudi wiki ijayo utaanza upya kwa pesa za mtu yule yule.

Kazi ikiisha, lipelekeni mlima ule ule, saa ile ile ya joto, likiwa na mzigo wake. Kama lilikuwa jambo la waya wa shilingi chache, andika kwenye risiti: waya, na mstari wa chini yake, muda wa kutafuta, na bei yake mliyokubaliana. Koili yake ya zamani, ikiwa nzima, iacheni ilipofungwa.